Mjadala: Waamu tuichangie hospitali ya umma, au tuidai kaunti?

Mwanzilishi wa mjadala, Mkomani

Assalaam alaykum. Nauliza jambo lililotugawa barazani na majumbani. Je, watu wa Lamu tuwe na mfuko wetu wa kudumu wa kuisaidia hospitali ya umma, au kila shilingi tunayotoa inaipa serikali ya kaunti nafasi ya kukaa?

Msimamo wangu: tuchangie, ila si dawa, si mishahara, wala si mashine. Tuchangie safari ya mgonjwa. Mgonjwa wa Kizingitini, Ndau au Kiwayu huanza kuhangaika kabla hajamwona daktari. Atafutiwe boti, petroli na nahodha atakayekubali kutoka usiku, na maji yawe yamejaa kiasi cha kupita. Akishuka Amu, yaani Lamu mjini, abebwe vichochoroni mahali gari halipiti. Akipewa rufaa ya Mombasa, avuke tena hadi Mokowe, upande wa bara, kisha aanze safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 300. Anayemsindikiza atalala wapi? Hapo ndipo watu wanapokata tamaa wakabaki nyumbani.

Mfanyabiashara, Langoni

Sikubaliani nawe, ndugu yangu. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma ya afya ya kiwango cha juu iwezekanavyo, na inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne likazikabidhi kaunti vituo vya afya, na huduma za kusafirisha wagonjwa zimetajwa humo waziwazi. Kwa hiyo hiyo safari unayotaka tuichangie ni kazi ya kaunti kwa maandishi.

Mimi natoa kodi, na tangu Oktoba 2024 natoa asilimia 2.75 ya mapato yangu kwa bima mpya ya afya, SHA. Leo uniambie nitoe mara ya tatu? Kibaya zaidi, watakaokaa kupanga bajeti wataona boti zinapata petroli kutoka kwa wananchi, na fungu hilo watalipeleka kwingine. Hatutaliona tena.

Mwana wa Lamu, Jeddah

Sisi tulio nje tunapenda kutoa, lakini semeni ukweli: nani atatoa pesa za petroli? Petroli inaungua ikaisha. Mtu akichangia mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo anajua kitu chake kipo. Hospitali ya mji ina jina la Mfalme Fahd hadi leo, na watu wanakumbuka. Sisi tuko tayari kununua mashine moja au mbili na kuzisafirisha mpaka bandarini.

Muuguzi mstaafu, Lamu mjini

Mwanangu wa Jeddah, Mungu akulipe kwa nia yako. Naomba nikueleze mashine hiyo inakula nini, maana nimefanya kazi wodini maisha yangu yote.

Maji ya dawa yanayopita kwenye mashine ni kama nusu lita kila dakika, na kikao kimoja ni saa nne. Hesabu mwenyewe: lita 120 kwa mgonjwa mmoja kwa kikao kimoja, na mgonjwa anahitaji vikao viwili au vitatu kila wiki, kwa miaka. Maji hayo lazima yachujwe kwa mtambo maalumu, na mtambo nao humwaga maji mengi kabla ya kutoa hayo safi. Sasa sisi maji yetu ya mji yanatoka chini ya mchanga wa Shela, na kila Mwamu anajua visima vinavyoingia chumvi. Ongeza vichujio vya damu, mirija, umeme usiokatika katikati ya kikao, fundi wa kuja kutoka mbali, na muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Bei ya mashine ni ndogo ukiijumlishia hayo yote kwa miaka.

Wala hili si jambo la kubuni. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47. Seneti ilipokuja kuunda kamati ya kuchunguza mpango ule, ilikuta vingine vimekaa bila kazi, mahali pengine hakuna umeme wa kutosha, mahali pengine hakuna wataalamu. Kama serikali iliyo na hazina yake ilishindwa kuviendesha, sisi wa mchango tutaviendesha kwa fedha gani?

Mama wa watoto watano, Faza

Nimewasoma wote, na wote mwasema habari za boti na mashine. Tuulizeni sisi wanawake wa kisiwa hiki cha Pate. Mwanamke ambaye mimba yake imeonekana ina matatizo, kwa nini asubiri uchungu umshike usiku ndipo itafutwe boti? Aje Amu mapema, wiki mbili au tatu kabla, akae karibu na hospitali. Tatizo hana pa kukaa. Mwenye shangazi Amu atakaribishwa. Asiye na mtu hawezi kulipa chumba, naye ameacha watoto wengine nyumbani.

Nataka nyumba. Nyumba ya wajawazito kusubiria, yenye jiko, choo safi na mtu wa kuitunza. Na kamati isiwe ya wazee wa Amu peke yao. Tukiwekwa mwisho wa orodha tena, msije kutuomba mchango.

Mwalimu wa madrasa, Shela

Mama wa Faza ametufungulia mlango. Nyumba kama hiyo inafaa iwekwe wakfu, na wakfu ni jambo tulilolikuta kwa wazee wetu. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na kodi ya vyumba vya chini au vya duka inalipia matunzo mwaka baada ya mwaka. Hilo pia linamjibu ndugu yetu wa Jeddah anayeogopa mchango wake usiungue ukaisha. Tume ya Wakfu ipo kwa sheria, tuisajili huko.

Lakini msichanganye mafungu. Zaka ina makundi manane ya watu yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60. Mgonjwa masikini apewe zaka mkononi mwake, alipie safari yake. Kujenga nyumba kwa zaka wanazuoni wengi hawakuruhusu, kwa hiyo nyumba iwe ya sadaka na wakfu. Na wakfu unaweza kumfaa kila mgonjwa: wa Mpeketoni au mji wa Hindi kule bara, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu.

Kijana, Mokowe

Naongeza moja tu: wanasiasa wasikaribishwe. Rais mwenyewe alitangaza Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Tukimweka mmoja meza ya mbele, nyumba itaitwa kwa jina lake kabla ya kupauliwa.

Mwanzilishi wa mjadala, Mkomani

Mama, nyumba hiyo naiunga mkono kuliko hata boti niliyoanza nayo, kwa sababu inaondoa safari ya hatari badala ya kuilipia.

Narudi kwa kaka wa Langoni, maana hoja yake ya bajeti ndiyo nzito kuliko zote. Sitaki mfuko utie petroli kwenye boti ya kaunti hata siku moja. Umlipe nahodha wa kijiji, na kila safari iandikwe: tarehe, kijiji, gharama, na sababu boti ya kaunti haikupatikana. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mkakati wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi lazima washirikishwe. Sisi huenda kwenye vikao hivyo mikono mitupu, tukalalamika, tukaandikiwa "maoni yamepokewa". Twende na daftari. Tuseme: hizi ndizo safari mlizopaswa kuzilipia, hii ndiyo jumla, tuonyesheni fungu lake. Mchango usio na daftari unaificha kazi ya kaunti. Wenye daftari unaianika.

Mfanyabiashara, Langoni

Na wakilipokea daftari wasifanye kitu? Mfuko utasimamisha boti? Hutaweza kumwacha mgonjwa ufukweni, na wao wanalijua hilo.

Mwanzilishi wa mjadala, Mkomani

Kweli, sitamwacha. Hapo mbele yetu ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti, ambalo sheria ya serikali za kaunti inaturuhusu, na likishindikana, mahakamani kwa kifungu cha 43 ulichokitaja. Mahakama inataka ushahidi, na ushahidi wa tarehe na gharama hatujawahi kuwa nao. Wewe ni mtu wa hesabu. Ungekubali kuwa mmoja wa wakaguzi?

Mfanyabiashara, Langoni

Kukagua nitakagua. Kuchangia bado sijasema.

Mama wa watoto watano, Faza

Basi daftari likae zahanati za vijijini, si Amu mjini. Na anayeliandika awe mtu anayekuwepo usiku.