Tupeane uzoefu: kupiga muziki wa klasiki katika okestra ya wasiolipwa

Mtoa mada: Ndugu wapenzi wa muziki, habari zenu. Okestra nyingi za kwetu zinaishi kwa nguvu ya watu wenye kazi nyingine, yaani walimu, madaktari, wahasibu na wanafunzi, wanaokutana jioni baada ya kazi na kupiga bila malipo. Okestra ya Nairobi imekuwa ya namna hiyo kwa miongo mingi. Ile ya Wakimbanguisti (waumini wa kanisa la Simon Kimbangu) mjini Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, rubani wa zamani, ilianza na watu ambao wengi wao hawakuwahi kushika fidla, wakipokezana ala chache zilizokuwapo, na uzi ulipokatika waliwahi kufunga waya wa breki ya baiskeli. Kwa hiyo siulizi kama jambo hili linawezekana. Nawauliza mliokwisha kuketi kwenye viti hivyo: kupiga katikati ya wenzenu kumewafundisha nini ambacho mazoezi ya peke yenu chumbani hayakuwafundisha?

Mpiga viola, Nairobi: Ahsante kwa mada. Mimi nilitoka kwaya ya kanisa, ambako tulisoma nota za do-re-mi zilizoandikwa kwa herufi. Katika mfumo ule do huhama: wimbo ukipandishwa, do hupanda nao, na mwimbaji habadilishi chochote kichwani. Kwenye viola, ala inayofanana na fidla lakini kubwa kidogo, kila sauti ina mahali pake kwenye uzi, hivyo ufunguo wa wimbo ukibadilika vidole navyo hubadilika, na hilo nililifanyia kazi nyumbani kwa uvumilivu. Lakini nilipoketi na okestra niligundua kwamba sikio la kwaya lilikuwa limekwisha kunitayarisha kwa jambo kubwa zaidi. Viola hubeba sauti za kati, na mtu aliyeimba alto kwa miaka mingi anajua kushika sauti yake bila kuvutwa na soprano, anajua kwamba wasikilizaji hawataitambua, na anajua pia kwamba ikikosekana wimbo mzima utasikika mtupu. Wenzangu waliofundishwa fidla tangu utotoni, na wanaonizidi sana kwa vidole, walikuwa wakihangaika na jambo hilo hilo, kwa kuwa walizoea kupiga wao wimbo wenyewe. Ningewashauri viongozi wa okestra watafute wapigaji kwenye kwaya kabla ya kutafuta mahali pengine.

Mpiga matoazi, Leicester: Mimi nimejifunza kuhesabu. Katika simfoni ya tisa ya mtunzi Dvořák, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, matoazi hugongwa mara moja tu, katika sehemu ya nne, na wala si kwa kishindo. Kabla ya hapo unakaa zaidi ya nusu saa. Nyumbani huwezi kulifanyia mazoezi pigo moja. Utafanyia mazoezi nini? Kazi yote iko katika kuwasikiliza wengine hadi ujue ni nani anayekutangulia, kwa sababu ukitegemea hesabu peke yake, siku okestra itakapoharakisha kidogo (na okestra ya wasiolipwa huharakisha) utabaki umeshika shaba mkononi wakati zamu yako imekwisha kupita.

Mpiga selo, Mombasa: Kwetu pwani jibu ni unyevu. Kabla ya kuanza, obo, ala ya kupuliza, hutoa sauti ya la (A), mitetemo 440 kwa sekunde, nasi sote tunakaza nyuzi kuifuata; lakini mbao hunywa unyevu, vigingi vya kukazia nyuzi hunasa, na katikati ya kipande sauti zimeanza kuachana. Huwezi kusimamisha watu wote ili ulinganishe upya. Unamsikiliza jirani yako na kusogeza kidole kidogo, naye anasogeza chake, mpaka mnakutana. Chumbani, nyuzi zikilegea zote kwa pamoja, hata hutambui.

Mpiga viola, Nairobi: Ndugu wa Mombasa, huku mambo ni kinyume. Januari na Februari hewa hukauka, vigingi husinyaa na kuteleza vyenyewe. Tunavipaka chaki iliyochanganywa na sabuni kavu kidogo: chaki hushika, sabuni hulainisha. Kwa vigingi vyenu vinavyonasa, zidisha sabuni.