Naomba ushauri: kujifunza mimea pori ya kuliwa kabla ya safari ya mtumbwi peke yangu

Mkasiaji: Habari zenu, ndugu. Ninajiandaa kwa safari ya mtumbwi ya wiki kadhaa, peke yangu, kwenye mto ambao sehemu kubwa ya kingo zake haina watu. Mtumbwi ni mdogo, hivyo nimekusudia kubeba nusu tu ya chakula na nusu nyingine niichume njiani. Nianze na mimea ipi, na nitaitofautishaje na yenye sumu? Jambo hili linaninyima usingizi.

Bi Majani: Mwanangu, anza na mmea mmoja uujue tangu mche hadi mbegu, ndipo uende wa pili. Chukua mchicha pori: ukingo wa jani lake hauna meno, na ukiligeuza utaona mishipa imejitokeza wazi upande wa chini. Datura, mmea wenye sumu, ikiwa changa watu huichuma wakidhani ni mboga, lakini majani yake yakikomaa huwa na meno makubwa yasiyolingana, na ukiyafikicha hutoa harufu mbaya. Marehemu bibi yangu hakuchuma mmea ambao hajauona ukitoa ua, na sisi wajukuu tulikuwa tukinung'unika kwa kusubirishwa.

Mzee Kafi: Ya majani nawaachia wenyewe. Kijana, mtumbwi wako una upana gani? Nilimwona mwenzangu akipoteza mfuko mzima wa unga kwa sababu aliuweka tu mbele ya miguu bila kuufunga, na wimbi dogo la ubavuni likatosha.

Nesi wa Zamu: Gramu 100 za mchicha mbichi zina kalori 23 hivi, yaani kilo nzima haifiki hata 250. Mtu anayepiga kasia kutwa anaweza kuhitaji kalori 3,000, kwa hiyo nusu yake ni zaidi ya kilo sita za majani kila siku, kuchuma, kuosha na kuchemsha. Halafu mimea ya majini usiile mbichi, maana hubeba vimelea vya minyoo ya ini. Nikuulize pia: una maradhi yoyote, au kuna dawa unayotumia?

Mkasiaji: Sikuona haja ya kulitaja. Nina valvu ya bandia ya moyo na natumia warfarini kila siku. Dawa nitabeba za kutosha. Mtumbwi nimekwisha kuulipia, likizo imeidhinishwa, na nadhani majani mabichi yana afya kuliko vyakula vya makopo.

Nesi wa Zamu: Ndugu yangu, hapo ndipo penye swali lako lote. Warfarini huzuia damu kuganda kwa kuukwamisha mwili usiitumie vitamini K ipasavyo, na vitamini hiyo imejaa kwenye majani ya kijani. Gramu 100 za mchicha mbichi zina zaidi ya mikrogramu 1,000, wakati mwanamume mzima hushauriwa kupata 120 hivi kwa siku. Ukihamia ghafla kwenye majani, dawa itapungua nguvu, na bonge la damu linaweza kufanyika kwenye valvu bila wewe kuhisi chochote, hadi likuletee kiharusi.

Mchunguzi: Samahani, naona kisa hiki kimetungwa. Mwenye valvu ya bandia huelezwa kliniki habari za mboga za majani tangu mwanzo. Iweje aje kuuliza kama hajawahi kuzisikia?

Bi Majani: Hata kama kimetungwa, yupo atakayesoma akiwa na dawa hiyo mfukoni. Tumjibu.

Mkasiaji: Hakikutungwa. Niliambiwa nisibadilishe ulaji ghafla, nami nikachukulia kwamba mboga ni mboga, ya porini au ya bustanini. Nililificha kwa sababu kila nikitaja valvu, watu huacha kujibu nililouliza na kuniambia nikae nyumbani. Safari siiahirishi. Chakula nitabeba chote, na majani nitachuma ya kuonja tu.

Nesi wa Zamu: Sikwambii ukae nyumbani. Onana na daktari wako, upime INR, yaani kipimo cha muda ambao damu yako inachukua kuganda, kabla ya kuondoka, na umuulize muda gani unaweza kukaa bila kupima tena. Kiasi cha mboga kisipande wala kushuka. Kumbuka pia kwamba kwa dawa hiyo jeraha la kisu au kugonga kichwa kwenye mwamba hutoka damu kwa muda mrefu, na peke yako hakuna wa kukukandamizia kidonda. Hilo la kwenda peke yako bado hujalijibu.

Mzee Kafi: Na kama chakula ni chote, mizigo mizito ilale sakafuni katikati, ifungwe, na kamba isiwe karibu na miguu yako. Upana wa mtumbwi bado hujanitajia, nami siwezi kukwambia kama mtumbwi huo unatosha kubeba mtu wa pili kabla sijaujua.