Naomba ushauri: bahasha ya zaka na dawa za mama

Wapendwa, naombeni mawazo yenu. Kila mshahara ukitoka, kitu cha kwanza natenga fungu la kumi. Mwezi huu bahasha bado imo ndani ya Biblia, palepale Malaki 3 panapoagiza kuleta zaka, wiki ya pili sasa. Mama anaumwa, dawa zake zinakata, na deni nililokopa kumtibu halijaisha.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Toa kwanza, mengine Mungu ataona." Sikubishana naye. Ila niliporudi nyumbani nikasoma Marko 7, Yesu anavyowakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, wakaacha kuwasaidia wazazi. Nikajiuliza, si ndiyo mimi huyu? Halafu kwenye Mathayo 23:23 hakuwaambia waache zaka, aliwaambia wasiache adili na rehema. Hapo ndipo nachanganyikiwa.

Siyo kwamba natafuta kisingizio (au labda natafuta, moyo ni mdanganyifu). Je, zaka ikimtibu mama bado ni zaka? Au nipunguze kiasi kwa muda, nimweleze mchungaji waziwazi? Mliowahi kupita hapa mlifanyaje?