Msaada wa hoteli kwa watoto wenye saratani: kamera ziingie wodini au zibaki getini?

MLETA MADA (Dar es Salaam)

Wadau, habari za jioni. Jambo hili limenikaa kifuani tangu Jumamosi, naomba tulijadili bila kufichana.

Dada yangu anauguza mwanawe wa miaka sita, saratani ya damu, huu ni mwezi wa nne wako wodini. Ni hospitali ya rufaa, jina nitaliacha. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kupeleka chakula. Mida ya saa nne asubuhi wakaingia watu wa hoteli moja kubwa ya hapa mjini: fulana nyeupe zenye nembo, keki ya ngazi mbili, maputo, maboksi ya juisi, vijana wawili wenye kamera, na hundi ya kadibodi ndefu kuliko kitanda cha mtoto. Mpwa wangu alikuwa amekesha na dripu ya kemo, ile dawa kali ya saratani, anatapika hadi nyongo. Dada akaombwa amwinue kidogo na amvue kofia, kichwa kionekane. Akamvua. Mtoto akaing'ang'ania ile kofia kwa mkono wenye kanula ya dripu, hakuiachia mpaka wakamaliza. Ukiitazama picha utaiona pembeni, kofia ya bluu aliyofumiwa na bibi yake.

Kabla ya adhuhuri picha iko mtandaoni: uso mzima, jina la kwanza, na ugonjwa wenyewe. Babu yake yuko kijijini, ana presha, tulikuwa tumemwambia mtoto ana upungufu wa damu. Kijana wa jirani mwenye simu ndiye aliyemwonyesha.

Sisemi hundi ile haikusaidia. Muuguzi mkuu ameniambia imenunua dawa zilizokuwa zimekwisha, na mpwa wangu ni mmoja wa waliozipata. Ndiyo maana nimekosa usingizi. Lakini mama aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mwanawe kwa miezi minne hana ubavu wa kumkatalia mtu aliyeshika hundi. Msimamo wangu: msaada upokelewe kwa mikono miwili, kamera zibaki getini. Hoteli isiyotaka kutoa bila picha ya mtoto, ikataliwe. Naomba kuwasilisha.

MFANYAKAZI WA HOTELI (Arusha)

Kaka, pole sana na mgonjwa, na pole kwa mzee. Hilo la kumvua mtoto kofia ni kosa, wala sitalitetea.

Ila nikwambie mambo yalivyo huku ndani, maana nimekaa idara ya masoko miaka tisa. Fedha ya misaada haitoki mfukoni mwa meneja. Inatoka kwenye bajeti, na bajeti inapigiwa hesabu kila mwaka. Nikienda kwenye kikao na risiti tu, naulizwa hoteli imepata nini. Nikienda na picha, fungu linapita na mwakani naongezewa. Sehemu nyingine wageni wenyewe wanachangia kidogo kwenye bili wanapoondoka, nao wanataka kuona mchango wao umefika wapi. Ukisema kamera zote zibaki getini, hoteli nyingi zitahamia kupanda miti, kwa sababu mti haukatai kupigwa picha. Watoto ndio watakaokosa. Je, uko tayari kwa hilo?

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO

Nimesoma nikalia, kwa sababu nimewahi kusimama pembeni ya kitanda namna hiyo na sikusema neno.

Mnabishania kamera. Mimi nina wasiwasi na mafua. Mtoto akiwa kwenye kemo chembe nyeupe zinashuka, wiki nyingine hana kinga kabisa. Watu kumi na wanane wakiingia kwa pamoja, mmoja akikohoa, siku tatu baadaye tunapambana na homa. Keki yenye krimu iliyokaa kwenye gari saa mbili kwenye joto la Dar ni hatari kwa mtoto huyo kuliko mnavyodhani. Tunaishia kuwapa ndugu na wahudumu.

Halafu hakuna anayetuuliza mnahitaji nini. Shirika la Afya Duniani linakadiria watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona, katika nchi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 likaweka lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Watu husikia hizo namba wakafikiri ni mashine tu. Mashine zinachangia, na kuchelewa kuletwa kunachangia sana. Lakini kuna kitu kinachoniumiza zaidi: mtoto anaanza dawa, anapata nafuu, kisha anaondoka harudi. Aina ya kawaida zaidi ya saratani ya damu ya watoto inatibiwa miaka miwili mpaka mitatu. Mama ametoka Sumbawanga au Kigoma, ameacha wadogo wa huyo mtoto nyumbani, hana pa kulala akiruhusiwa kutoka wodini kati ya dozi na dozi. Nauli ya kurudi anakopa. Mara ya tatu hakopeki tena. Tunapiga simu, haipatikani.

Muhimbili kuna mfano mzuri. Taasisi ya Tumaini la Maisha ina nyumba inaitwa Ujasiri, watoto wenye saratani na wazazi wao wanakaa pale huku matibabu yakiendelea. Sasa niambieni, nani mjini hapa anajua kulaza watu, kuwalisha na kuwafulia mashuka kuliko hoteli? Badala ya hivyo, wanatuletea maputo.

MCHANGIAJI (Dodoma)

Nyote mnazunguka mbuyu. Matibabu ya mtoto si sadaka, ni haki. Kadi ya Toto Afya, ile bima ya afya ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, mzazi wa kawaida akijibana anaimudu. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, wazazi wakaambiwa wapitie shuleni, kwa maelezo kwamba wengi walikuwa wanasajili watoto ambao tayari wanaumwa. Novemba mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Huko ndiko pa kubanana mpaka kila mtoto awe ndani ya bima. Hoteli ilipe kodi yake kamili, serikali inunue dawa, hundi za kadibodi zitakufa zenyewe.

Na hizo hundi nazo zina nafuu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu kampuni kupunguza kwenye mapato yake yanayotozwa kodi mchango iliyoutoa kwa taasisi ya hisani inayotambulika, usiozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa hiyo sehemu ya fadhila ile ni ya sisi walipa kodi, lakini picha ni ya hoteli peke yake.

MAMA WA MTOTO ALIYEPONA (Mbeya)

Nyie mnaosema bima na kodi, mnasema kweli, ila mtoto hawezi kungoja Bunge.

Mimi nitasema kinyume na mleta mada, anisamehe. Mwanangu alipigwa picha. Nilikubali mwenyewe. Dada mmoja asiyenijua aliiona, akatafuta namba kupitia kwa afisa ustawi wa jamii, akanilipia nauli ya kwenda na kurudi kliniki mara tano. Mara tano! Bila ile picha ningekuwa nimeshazika. Leo mtoto yuko darasa la nne. Msituamulie sisi akina mama kwamba tumedhalilika. Wapo waliodhalilika, na dada yako ni mmoja wao. Mimi sikudhalilika.

MWANASHERIA

Mama, hongera kwa uzima wa mtoto. Naomba niongeze la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 2023. Taarifa za afya na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na taarifa nyeti haziguswi bila ridhaa ya maandishi. Kwa mtoto, ridhaa inatoka kwa mzazi au mlezi. "Akaombwa, akamvua" haiwi ridhaa ya maandishi. Mleta mada, familia yenu ina haki ya kutaka picha iondolewe, na wakikataa ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupelekea malalamiko.

MCHANGIAJI (Unguja)

Ndugu zangu, kwetu tumefunzwa mkono wa kulia utoe wa kushoto usijue, na Wakristo nao wana maneno hayohayo kwenye Injili yao. Lakini yapo pia mafunzo kwamba sadaka ya dhahiri inafaa ikiwa itawavuta wengine watoe. Hivyo mtoaji ajionyeshe akitaka. Asimwonyeshe mgonjwa.

MCHANGIAJI (Kissimmee, Florida)

Nimekaa huku miaka kumi na moja na nimewahi kujitolea katika kijiji ambacho kisa chake mtakipenda, kwa sababu mwanzilishi wake alikuwa mtu wa hoteli.

Aliitwa Henri Landwirth, mzaliwa wa Ubelgiji, Myahudi aliyenusurika kambi za Wanazi akiwa bado kijana mdogo. Alikuja Marekani akaanzia chini kwenye kazi za hoteli, mpaka akawa na hoteli zake karibu na Orlando. Watoto wagonjwa sana waliotaka kuja kutembea aliwapa vyumba bure. Mmoja alikuwa msichana anaitwa Amy, mwenye saratani ya damu. Chumba kilikuwa tayari. Mambo mengine ya safari yakachukua muda mrefu mno, mtoto akafariki kabla ya kufika. Landwirth akasema hilo halitatokea tena. Mwaka 1986 akaanzisha Give Kids The World, na mwaka 1989 kijiji chenyewe kikafunguliwa hapa Kissimmee. Familia nzima inakaa wiki moja bila kulipa, wazazi na ndugu wa mtoto pia. Mzee alifariki 2018.

Najua huko shida yetu ni dawa na pa kulala. Kutembea kutakuja baadaye. Nilichojifunza kwake ni kwamba alitoa kile alichokijua, kitanda na sahani, na alijua kwamba ugonjwa wa mtoto haungoji taratibu za ofisi.

MLETA MADA

Nashukuru wote. Mama wa Mbeya, nimekaa na maneno yako siku nzima na lazima nikubali: sina haki ya kukataza kila picha. Ulikubali, ukaulizwa ukiwa na akili yako timamu, na matunda umeyaona. Narekebisha msimamo wangu. Picha ya mtoto isiombwe siku ya msaada, wala isiombwe na mtu aliyeubeba msaada huo. Aombe afisa ustawi, siku nyingine, kwa karatasi, mama ajue kwamba akisema hapana dawa inakuja vilevile. Hapo tu ndipo ndiyo yake itakuwa ndiyo.

Kaka wa Arusha, umeniuliza kama niko tayari hoteli zihamie kwenye miti. Siko tayari. Lakini ukienda kwenye kikao chako, piga picha ya chumba. Piga picha ya mashuka yaliyokunjwa, sufuria za chakula, basi dogo la wafanyakazi likiwapeleka akina mama kliniki. Wafanyakazi wenu wajipange kuchangia damu, wapigeni picha wakiwa na pamba mkononi. Hao ni watu wazima, watakubali wenyewe.

MUUGUZI WA WODI YA WATOTO

Hilo la damu mlitilie mkazo. Chembe sahani, zile za damu zinazosaidia damu kuganda, kwa kawaida hazikai zaidi ya siku tano baada ya kuchangwa. Hoteli yenye wafanyakazi mia, wakija kwa makundi badala ya siku moja wote, wodi inapumua.

MFANYAKAZI WA HOTELI (Arusha)

Basi muuguzi niandikie orodha. Msimu wa mvua Machi hadi Mei vyumba vyetu vingi vinalala vitupu, tuna wapishi na dobi wanakaa. Hapa kuna akina mama wanaoleta watoto kliniki kutoka mbali wanalala kwenye korido. Siahidi kitu, napeleka kwenye kikao cha Jumatatu.

MLETA MADA

Taarifa fupi. Jana dada aliandika barua, mwanasheria alitusaidia maneno. Leo asubuhi picha imeondolewa, na mtu wa hoteli amepiga simu kumuuliza dada anahitaji nini. Ameomba ndoo mbili zenye mfuniko na maji ya moto ya kumwogeshea mtoto jioni. Kofia mtoto ameivaa, amelala.