Naomba ushauri: jengo la bustani ya mimea kwenye machimbo ya zamani

Ndugu zangu, habari za leo. Kijijini kwetu, kusini mwa Mombasa, tumekabidhiwa machimbo ya mawe yaliyoachwa tuyageuze bustani ya mimea ya umma. Mfano wetu ni Haller Park, Bamburi, hifadhi iliyokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji: mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu, majongoo wakala majani makavu na kuyageuza mboji, udongo ukapatikana. Mivinje yetu imeshashika, alhamdulillahi. Kinachonisumbua ni jengo la kupokelea wageni. Makuti hupoza sana, ila huoza na kushika moto upesi. Mabati huvuna mvua vizuri, na kisima chetu kina maji ya chumvi. Nichanganye vyote viwili? Na mliojenga juu ya kifusi, msingi mliufanyaje?