Naomba ushauri: riwaya 10 kutoka nchi 10 ndani ya siku 30, nasoma lakini hakuna kinachobaki

Msoma_Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Nahitaji ushauri wa watu waliozoea kusoma.

Mwanzoni mwa mwezi nilijiwekea nadhiri: siku 30, riwaya 10, nchi 10. Miaka yote nimesoma waandishi walewale wa Uingereza na Marekani. Ninaijua mitaa ya London ambayo sijawahi kuikanyaga, na sehemu kubwa ya dunia sijaifungulia hata ukurasa mmoja. Hilo limeniumiza kwa muda mrefu.

Leo ni siku ya 12. Nimemaliza vitatu, cha nne nimekwama. Juzi rafiki yangu kaniuliza, "Kile cha pili kilihusu nini?" Nikafungua mdomo kujibu, nikajikuta nataja nchi tu. Jina la mhusika mkuu limenitoka. Alichokuwa anakitafuta kimenitoka. Nakumbuka mvua ilikuwa inanyesha mwishoni, basi. Kurasa 280 zimepita kama maji kwenye pakacha.

Hiki cha nne ni riwaya ya Jokha Alharthi wa Oman, ile iliyopata Tuzo ya Kimataifa ya Booker, ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, mwaka 2019. Dada watatu, wazazi, waume, watoto, watumwa wa zamani wa nyumba, wote kwa mpigo. Sura moja msimulizi ni "mimi", inayofuata ni mtu mwingine kabisa na miaka imerudi nyuma. Nimefika ukurasa wa 60 na sijui nani mama wa nani.

Niendelee hivihivi nimalize hesabu, au nipunguze? Na ninyi mnafanyaje mnapoingia kwenye kitabu cha watu msiowajua?

Kalamu_Nyekundu

Punguza, mkuu. Piga hesabu mwenyewe: vitabu 10 vya kurasa 300 ni kurasa 3,000, yaani 100 kila siku bila kupumzika hata siku moja, na una kazi na familia. Kwa mwendo huo jicho linasoma, kichwa kiko kwenye kitabu kinachofuata. Baki na vinne.

MamaVitabu

Mwanangu, usikiache hicho cha Oman. Nimekisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilipotea palepale ulipopotea wewe.

Mwanzoni mwa kitabu pana mti wa ukoo. Bila shaka uliuruka, wengi tunauruka. Rudi uunakili kwa mkono wako kwenye karatasi, uikunje, iwe ndiyo alama yako ya ukurasa. Kila mtu akitokea, mwandikie kitu kimoja alichofanya, si sifa zake. Mayya: cherehani, haongei. Yule binti yake: kampa jina London. Abdallah, mume wa Mayya: yuko kwenye ndege, anakumbuka baba yake alivyokuwa akimning'iniza kisimani kichwa chini. Zarifa: mtumwa wa nyumba ile, ndiye aliyemlea Abdallah.

Ukifika hapo utaona kwa nini huyo "mimi" ni Abdallah peke yake, wengine wote wanasimuliwa kwa mbali. Mwanamume anasema weee, sura kwa sura, na mkewe aliyekaa kwenye cherehani hajamwambia alichonacho moyoni tangu siku ya kwanza. Msomaji anajua, mume hajui. Na ukikumbuka kwamba utumwa ulipigwa marufuku Oman mwaka 1970 tu, utaelewa kwa nini watu wa nyumba moja wanaishi kama watu wa karne mbili tofauti. Kwa kurasa 100 kwa siku hayo huyaoni, mwanangu. Yanapita.

Bahari_Saba

Nafuatilia uzi huu, nina tatizo hilohilo.

Mpiga_Ramli_wa_Herufi

Mimi napingana kidogo na Kalamu_Nyekundu. Kama moyo wako unataka nchi 10, si lazima ziwe riwaya. Soma hadithi fupi. Moja kwa usiku mmoja, usiku unaofuata uirudie hiyohiyo. Mwaka 2025 tuzo hiyohiyo ya Booker ilikwenda kwa mkusanyo wa hadithi fupi kwa mara ya kwanza: hadithi 12 za Banu Mushtaq, aliyeziandika kwa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, zinazohusu wanawake wa Kiislamu wa huko. Hadithi fupi ina watu watatu au wanne, huhitaji mti wa ukoo.

Dada_wa_Tafsiri

Kuna jambo halijasemwa na linanigusa kwa sababu ndiyo kazi yangu: mkuu, umetaja mwandishi, umetaja nchi, hujamtaja mfasiri. Hicho cha Oman umekisoma kwa maneno ya Marilyn Booth. Tuzo ile ni pauni 50,000, na mwandishi na mfasiri wanagawana nusu kwa nusu, kwa sababu kila sentensi uliyosoma imepita mikononi mwa mtu wa pili. Andika majina yote mawili kwenye orodha yako. Ukipenda sauti ya kitabu, mfuate mfasiri: atakupeleka kwa waandishi ambao usingewasikia.

Na kwa nini vyote unavisoma kwa Kiingereza? Mariama Bâ wa Senegal yupo kwa Kiswahili, *Barua Ndefu Kama Hii*. Aliiandika kwa Kifaransa mwaka 1979. Ramatoulaye kafiwa na mume, yuko eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Mume huyo alikuwa ameoa mke wa pili, msichana anayesoma na binti yao. Neno "eda" peke yake linafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji sentensi nzima kuieleza. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar naye yupo: *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Anzia lugha unayoiota usingizini.

Msoma_Usiku

Dada, hilo la mfasiri sikuwahi kulifikiria. Asante sana. Mama, karatasi nimeshaichukua.

Kipanga77

Tuwekee orodha yote kumi tuione.

Msoma_Usiku

Majina ni marefu, nitaje mada tu: vita, vita, ukimbizi, njaa, udikteta, utumwa, vita, yatima wa vita, ndoa ya lazima, gereza.

Kipanga77

Ndugu yangu, hapo ndipo ulipokosea, wala si kwenye kasi. Nchi kumi, lakini hadithi ni moja: watu wanateseka, wewe unawahurumia. Huko kwao hawachumbiani? Hawadaiani? Hawana mashangazi wambea? Mtu ukimjua kwa msiba wake tu bado hujamjua.

Toa vitatu hapo. Weka kitabu cha mapenzi, weka cha kuchekesha, weka cha upelelezi. Seichō Matsumoto wa Japani aliandika miaka ya 1950 riwaya ya upelelezi inayosimama juu ya ratiba ya treni. Kuna dakika 4 tu ambapo mtu aliye kwenye jukwaa moja la stesheni ya Tokyo anaweza kuona treni iliyo jukwaa jingine bila treni nyingine kuziba katikati. Kuna shahidi aliona. Mpelelezi anajiuliza: ilikuwaje awe pale ndani ya dakika zilezile? Nilijifunza Japani zaidi kwenye zile ratiba kuliko kwenye vitabu vyote vya vita nilivyowahi kusoma, maana pale watu walikuwa kazini, wanawahi treni, wanakula, wanadanganyana.

MamaVitabu

Kipanga umesema kweli tupu.

Msoma_Usiku (siku ya 21)

Wakuu nimerudi. Nimebaki na vitabu vinne: cha Oman, *Barua Ndefu Kama Hii*, hicho cha treni kama nitakipata, na hadithi za Banu Mushtaq, mbili kwa wiki.

Cha Oman nilikianza upya ukurasa wa kwanza na karatasi ya Mama. Nimekimaliza jana saa saba usiku. Karatasi imejaa pande zote mbili, nimeunganisha nyingine kwa gundi. Rafiki yangu kaniuliza tena kinahusu nini. Nimemwambia kuhusu Mayya na cherehani, na namna mama yake alivyomletea habari ya mchumba, naye alikuwa na mtu mwingine moyoni, akainamisha kichwa, akaendelea kushona. Rafiki akanyamaza kidogo, akasema, "Niazime." Nimempa kitabu. Karatasi nimebaki nayo, nimemwambia aandike yake.