Himalaya kwa siku nane, na mimi mgeni wa milima: Poon Hill, Kedarkantha au Langtang?

Mama_Usambara

Hamjambo wote. Mdogo wangu wa mwisho anamaliza chuo Dehradun, kaskazini mwa India, na mahafali yake ni mwanzoni mwa Novemba. Nikitoa siku za mahafali na za kukaa na ndugu, nabaki na siku nane. Nimeapa sirudi Tanga bila kukanyaga Himalaya.

Nina miaka 46. Mlima wangu mkubwa kabisa ni kupandisha wanafunzi msitu wa Magamba, Lushoto, na hata huko wao ndio walikuwa wakinisubiri mimi. Goti la kushoto linalalamika nikishuka ngazi. Sijawahi kulala kwenye hema, na kusema kweli sina hamu ya kujifunza.

Nimesoma mpaka macho yakauma, zimebaki njia tatu:

Poon Hill, Nepal: mita 3,210, siku nne hivi ukitokea Pokhara.
Kedarkantha, India: kama mita 3,800, siku nne au tano ukitokea kijiji cha Sankri. Iko upande wa Dehradun, ndiyo maana inanivuta.
Bonde la Langtang, Nepal: unaishia Kyanjin Gompa, karibu mita 3,870, siku sita au saba.

Kila tangazo linasema "rahisi kwa wanaoanza". Ipi ni rahisi kweli, na ipi ni rahisi ya kwenye tangazo?

Mpagazi_Mstaafu

Karibu mama. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na mmoja, baadaye nikaongoza wageni. Himalaya nimefika mara moja tu, Langtang, mgeni wangu wa zamani alinialika.

Nianze na kitu ambacho hawa wauza safari hawakiandiki. Usiulize kilele kina mita ngapi, uliza utalala mita ngapi. Kileleni unakaa nusu saa, unapiga picha, unashuka. Kitandani unakaa saa tisa, kumi, na ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyembamba ya juu, unapenda kumkamata mtu usiku.

Sasa zipime hizo tatu kwa kipimo cha nyumbani. Kambi za Kilimanjaro: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720. Poon Hill watu wanalala Ghorepani, kama mita 2,860. Hiyo ni Mandara, imeongezwa kidogo. Kyanjin Gompa imeipita Horombo. Kedarkantha kilele ni cha chini kuliko Meru yetu, lakini kambi ya mwisho iko kwenye mita 3,400 hivi, na juzi yake tu ulikuwa umelala Sankri, mita 1,900 na kitu.

Kanuni tunayofundishwa ni hii: ukishapita mita 3,000, kitanda cha leo kisipande zaidi ya mita 500 juu ya kitanda cha jana, na kila siku ya tatu au ya nne mwili upumzike. Kedarkantha inaikanyaga kanuni hiyo kidogo. Wengi wanapita salama, siwezi kusema uongo. Lakini nimeshusha watu wengi kwa machela ambao jana yake nao walikuwa kwenye hao "wengi".

Nakato_Dun

Hongera kwa mdogo wako dada! Mimi ni Mganda, nasoma Dehradun, Kedarkantha nilipanda Januari na wenzangu wa darasa.

Njia ni nzuri, nisiionee. Misonobari imebeba theluji, kuna ziwa dogo Juda ka Talab limeganda juu, na kutoka kileleni unaona milima mpaka unachoka kuhesabu. Ila safari inaanzia garini. Dehradun mpaka Sankri ni kama kilomita 200, na tulitoka alfajiri tukafika jioni. Kona tupu. Msichana aliyekaa mbele yangu alitapika mara nne kabla hatujaona hata kilima.

Halafu hema. Niliingia na chupa ya maji, asubuhi ilikuwa barafu mpaka shingoni. Mwongozaji akanicheka: chupa hulala na wewe ndani ya mfuko wa kulalia, imefunikwa na soksi, na iwe imeinamishwa kichwa chini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu na wewe unataka mdomo ubaki wazi. Choo ni shimo lililozungushiwa kihema. Saa nane usiku tukaamshwa kupanda kilele, vidole sivihisi.

Na wewe unakuja Novemba mwanzoni. Theluji yenyewe kwa kawaida inaanza kutanda Desemba. Utapata baridi bila theluji, yaani umelipia nyama ukaletewa mchuzi.

Uzuri wake ni kwamba huhami nchi. Hakuna viza ya pili, hakuna ndege nyingine.

Said_wa_Muscat

Assalaam alaykum. Hapa Oman nafanya kazi na Wanepali, na mwaka juzi mmoja wao alinichukua kwao mwezi Machi. Tukaenda Poon Hill. Mimi mtu wa Unguja, mlima wangu mrefu ni ngazi za gorofani, kwa hiyo Bibie nisikilize mimi, sio hawa wenye mapafu.

Kwanza gesti. Nepal huhitaji hema. Kila kijiji cha njia ile kina nyumba za wageni za wenyeji: chumba cha mbao, vitanda viwili, blanketi zito. Ukuta ni ubao mwembamba, jirani akigeuka unajua amegeukia upande gani. Chini kuna ukumbi wa chakula na jiko la kuni katikati, na juu ya jiko soksi za mataifa yote zimeanikwa. Harufu utaizoea. Chumba bei yake ndogo, lakini adabu ya huko ni ule pale unapolala, faida yao iko kwenye chakula.

Chakula ni dal bhat: wali, dengu, mboga, achari. Ukimaliza wanakuongeza, ukimaliza wanakuongeza, mpaka ufunike sahani kwa mkono. Mtu wa pwani hapati taabu hata kidogo. Mimi nilikaa na dengu na mayai siku zote, suala la nyama nikalipumzisha.

Njia yenyewe: toka Pokhara kwa gari. Zamani watu walianza Nayapul wakapambana na ngazi za mawe za kwenda Ulleri, zaidi ya 3,000. Siku hizi gari linafika mpaka Ulleri. Panda gari, usione haya, hakuna anayetoa medali. Siku ya kwanza Ulleri hadi Ghorepani. Siku ya pili unaamka usiku, unapanda Poon Hill kwa taa ya kichwani kama saa moja, unaangalia jua linachomoza, unarudi kunywa chai, kisha unatembea mpaka Tadapani. Siku ya tatu Ghandruk, kijiji cha Wagurung, nyumba za mawe na paa za mawe. Siku ya nne Pokhara.

Kule juu kulikuwa na watu kama feri ya sikukuu. Lakini jua lilipoigusa Dhaulagiri, mita 8,167, ikageuka rangi ya papai lililoiva, kila mtu alinyamaza. Hata mwenzangu, ambaye ni kwao, alivua kofia.

Kikwetu_Leeds

Said umemuuzia vizuri, lakini mwambie pia barabara zimekula nusu ya njia hiyo, na Novemba kitanda Ghorepani ni cha kugombania. Mimi nilikataa foleni nikaenda Mardi Himal, mgongo wa mlima kwenye eneo hilohilo la milima ya Annapurna, watu wachache zaidi.

Na hapo ndipo nilipojifunza. Mimi nakimbia marathoni. Nilipanda kwa fujo, siku ya tatu niko High Camp, mita 3,580. Usiku kichwa kikaanza, nikadhani ni njaa. Nikala, nikatapika. Nikadhani ni chakula. Saa tisa usiku mwongozaji alinivalisha viatu yeye mwenyewe, nikashuka nimeshika begi lake mgongoni kama mtoto aliyeshika kanga ya mamake. Mita mia sita chini, kichwa kikaacha. Base Camp, ile iliyo kwenye mita 4,500, sijaiona mpaka leo.

Nguvu za miguu hazina habari na mwinuko. Anayekimbia ndiye anayejidhuru haraka, kwa sababu anaweza kufika juu kabla mwili haujapata taarifa.

Mama_Usambara

Kikwetu pole, nimecheka halafu nikaogopa. Basi Kedarkantha naona imeshaanguka, maana hema na mita 3,400 pamoja siziwezi. Mdogo wangu atanuna, yeye ndiye aliyeipenda.

Mzee, Langtang je? Ndiyo yenye picha nzuri kuliko zote.

Mpagazi_Mstaafu

Langtang ni nzuri kuliko unavyoiona kwenye picha, na kwa siku zako nane haifai.

Kutoka Kathmandu mpaka Syabrubesi ni siku nzima kwenye basi, barabara mbovu, na kurudi siku nzima nyingine. Syabrubesi iko kwenye mita 1,500 hivi, Kyanjin Gompa 3,870. Ukitaka kupanda mwanya huo kwa ustaarabu unahitaji siku tatu kupanda na moja ya kupumzika kule juu. Ongeza kushuka. Siku nane zimeisha na safari ya Delhi hujaihesabu.

Kuna jambo moja nitalisema kwa sababu atakayekwenda alijue. Tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 liliangusha barafu na mawe juu ya kijiji cha Langtang, kikafunikwa chote. Kijiji cha sasa kimejengwa juu kidogo. Unapita juu ya yale mawe, kimya, na pembeni kuna ukuta wenye majina. Mwenye gesti niliyolala alikuwa amepoteza ndugu zake. Alinipikia viazi, akanionyesha kwa kidole nyumba yao ilipokuwa, hakuongeza neno. Sikupiga picha pale.

Huko ndiko niliposikia "bistari, bistari". Nikauliza maana yake. Pole pole! Nimelisema hilo neno miaka yote Machame na Marangu, kumbe na wao wana lao.

Nakato_Dun

Mtu akija na njia nyingine ya India, Sandakphu, usimsikilize dada. Ni mita 3,636, unaona Everest, Kangchenjunga, Lhotse na Makalu kwa pamoja, ila iko West Bengal, mashariki kabisa. Kutoka Dehradun ni safari juu ya safari.

Mama_Usambara

Haya, Poon Hill. Hesabu ya siku nimeipanga hivi, nirekebisheni: siku ya 1 Delhi hadi Kathmandu, ya 2 Pokhara, ya 3 hadi 6 mlimani, ya 7 narudi Kathmandu, ya 8 Delhi. Na goti?

Said_wa_Muscat

Hesabu inakaa, lakini Kathmandu–Pokhara panda ndege, haifiki hata nusu saa. Basi ni siku nzima ya vumbi. Ukirudi pia ndege, kwani huna siku ya akiba.

Viza ya Nepal unachukua uwanja wa ndege pale pale, siku 15 dola 30. Lete noti safi. Kibali cha kuingia hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 za Nepal. Na tangu Aprili 2023 kanuni yao inamtaka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo usijidanganye kwenda peke yako ili kubana pesa. Yeye ndiye atakayekupigia simu gesti ya mbele kukushikia kitanda.

Saa zao ziko robo saa mbele ya India. Robo saa! Mimi niliikosa chai ya kwanza kwa sababu hiyo.

Mkikutana na msafara wa baghala wenye mizigo, simama upande wa mlima, usisimame upande wa korongo. Hawapishi mtu. Mtungi wa gesi ulinipiga kiunoni, na nilikuwa nimesimama vizuri.

Nakato_Dun

Ukiwa bado nyumbani, hakikisha viza yako ya India inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo utabaki Kathmandu unaimba. Na kadi ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Mimi niliyetoka Uganda niliulizwa kadi kabla ya jina.

Mpagazi_Mstaafu

Goti sasa. Kupanda hakutaliumiza, ni kushuka. Sehemu mbaya kwako ni baada ya Ghorepani, ngazi za mawe zinashuka zinapanda msituni mpaka Tadapani, kisha zinashuka kwenda Ghandruk. Chukua fimbo mbili, si moja. Mpe mpagazi begi kubwa, wewe beba maji, koti la mvua na dawa tu. Ajira yake hiyo, usimwonee huruma ya bure, ila hakikisha ana viatu na koti kama wewe.

Siku ya pili asubuhi, baada ya Poon Hill, goti likiwa limevimba, usiendelee. Rudi Ulleri kwa njia uliyojia, panda gari. Kilele umeshakiona. Hilo ndilo lililonifanya niichague njia hii kwa ajili yako: haikufungii mlango nyuma.

Vidonge vya Diamox, vya kukinga ugonjwa wa mwinuko, mwulize daktari kabla ya kubeba, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Kwa kulala 2,860 wengi hawavihitaji. Kichwa kikiuma, usipande. Kikizidi, shuka, hata kama ni usiku, mwulize Kikwetu.

Mama_Usambara

Nimelipia tiketi ya Delhi–Kathmandu jioni hii. Mdogo wangu amenuna saa mbili, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuja.

Mzee swali la mwisho: viatu nimeagiza vipya, vinafika Oktoba.

Mpagazi_Mstaafu

Oktoba ni kuchelewa, mama. Vitafute wiki hii, namba moja juu ya yako, uende navyo sokoni, shuleni, kanisani au msikitini, mpaka watu wakuulize una nini. Na siku mbili kabla ya kupanda kata kucha za miguu fupi kabisa. Wageni wangu wengi walishuka Marangu na kucha nyeusi, wote walikuwa wamekumbuka kofia.